Zana Iliyotoka Misima

Siku hizi ukikaa na watu wanaosimulia habari za kituo chetu, utasikia eti tulikuwa wanawake mashujaa, tumebeba haki za wenzetu mabegani. Uongo mtupu. Tulikuwa wawili, mimi Zamda na Bi Serafina, ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya majembe, na muda mwingi tulikuwa tunagombana nani kaacha dirisha wazi kuku wakaingia.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati mtasema Zamda anapayuka.

Mwaka ule ulikuwa Mwaka wa Wanawake Duniani, na ukashuka waraka kwamba kila chuo kiwe na kituo cha wanawake. Chuo chetu cha ualimu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Korogwe, mkonge umekizunguka pande zote. Mkuu wa Chuo, Ndugu Jonathan, alikuwa mtu wa waraka. Ukimfikia asubuhi, jioni umeshatekelezwa, umeeleweka au haujaeleweka. Akahamisha majembe, akapigilia kibao mlangoni, akatuita: mimi niliyekuwa nafundisha ushonaji, na Bi Serafina aliyekuwa anafundisha sayansi kimu. Akasema, "Haya ndugu zangu, kiendesheni." Tukiendeshe kwenda wapi, hakusema.

Kusema kweli kilijiendesha chenyewe. Wasichana walikuja kuazima pini, kushona sketi zilizochanika, kulia, na kuuliza yale mambo ambayo humwulizi mama yako hata upigwe. Mimi nawajibu bila kupepesa, Bi Serafina anakohoa akitazama nje. Yeye alikuwa mtu wa Dindira, kakulia huko juu kwenye chai na ukungu, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele. Hakuolewa, na ukimwuliza kwa nini anakujibu, "Nani kakwambia nimeomba?" Tangu apate kipaimara alikuwa hajasema uongo hata wa kitoto. Hilo ndilo lililotuponza, kwa sababu mwenzangu hakuwa na mazoezi. Siku alipolazimika kusema, alisema uongo mkubwa ajabu.

Sasa huyu Paulina. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mwenyeji wa Mkata, msichana mrefu, mkimya, ana akili za kutisha. Alikwenda likizo ndefu, akarudi amechelewa, uso umemkonda na blauzi inambana kifuani. Mimi nikaona. Bi Serafina naye aliona, ila aliamua kutoona. Paulina alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Kaleb, akamwacha kwa bibi yake Mkata. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa lori la mkonge, na malori kazi yake ni kuondoka.

Kanuni ya chuo ilikuwa wazi. Mwanafunzi wa kike akizaa, anafungasha siku hiyo hiyo, hata kama amebakiza mtihani mmoja. Na Paulina alikuwa amebakiza mtihani mmoja: kufundisha darasa mbele ya mkaguzi wa mkoa. Akifaulu, ni mwalimu, atapewa nyumba ya mwalimu, atamlea mwanawe mchana kweupe. Akigundulika, anarudi Mkata kulima mihogo, na masomo yote yale yamekwenda na maji.

Basi siku moja, jua limeshapanda, mlango wa kituo ukasukumwa kwa mguu. Akaingia bibi yake Paulina na mtoto mikononi. Shikamoo zetu hakungoja hata zikamilike. Akamlaza mtoto juu ya meza ya Bi Serafina, katikati ya vitambaa, akajifunga kanga yake upya.

"Nimeleta," akasema.

"Umeleta nini, bibi?" akauliza Bi Serafina, na mtoto yuko pale anamtazama.

"Mtoto wenu. Mimi macho yamekwisha. Juzi nimeogesha mto wa kulalia nikidhani ndiye. Nikaupaka na mafuta. Kuja kushtuka, mtoto analia mvunguni. Nitamwua huyu, wajukuu zangu. Kaeni naye mpaka Paulina amalize huo mtihani wake."

Akatoka kuwahi basi. Hata maji ya kunywa hakutaka.

Loo! Tulitazamana. Bi Serafina alisema lazima tukamwambie Ndugu Mkuu, kanuni ni kanuni. Nikamwambia, "Haya, nenda. Mimi nakungoja." Akasimama. Mtoto akamshika kidole. Akakaa. Baada ya hapo habari ya kwenda kwa Ndugu Mkuu haikutajwa tena.

Tukamtandikia Kaleb kikapu kikubwa cha mkonge nyuma ya cherehani. Paulina akawa anakuja kila mapumziko, eti anashona sare. Sare gani ile isiyokwisha, sijui. Anamnyonyesha nyuma ya pazia, mimi nazungusha cherehani kwa nguvu bila kitambaa ili watu wasisikie mtoto akilia. Chuo kizima kikadhani Zamda ni mchapakazi.

Ndugu Jonathan alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni zana. Kila mwalimu afundishe kwa zana, na zana zisinunuliwe dukani, zitokane na mazingira yetu: vizibo vya soda vya kuhesabia, mabua ya mahindi, udongo wa kichuguu wa kufinyangia ramani. Mwanafunzi mmoja alisifiwa mbele ya chuo kizima kwa kuleta kinyonga hai. Na zana ikishatumika sharti irudishwe ilikotoka, kwa heshima na shukrani. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe, na naapa aliipenda kuliko alivyompenda mkewe.

Siku aliyoingia kituoni bila kubisha hodi, Kaleb alikuwa kikapuni, macho makavu, amelala chali kama bwana shamba mapumzikoni. Ndugu Jonathan akainama.

"Hiki ni nini?"

Mimi nilishafungua mdomo niseme ni mtoto wa dada yangu. Ningesema hivyo tu, mambo yangeishia hapo. Bi Serafina akaniwahi.

"Ni zana, Ndugu Mkuu."

Mtume! Nilitaka niingie chini ya cherehani.

"Zana," akasema Ndugu Jonathan.

"Ya somo la malezi," akaendelea Bi Serafina, jasho linamtiririka. "Kuogesha, kuvisha, kubeulisha. Tumechoka kutumia mdoli wa kizungu. Mdoli haulii."

Nikamtazama Ndugu Jonathan nikingoja mvua inyeshe. Badala yake uso ukaanza kumng'aa taratibu.

"Imetokana na mazingira yetu?"

"Kabisa."

"Imetoka wapi hasa?"

"Misima," akasema Bi Serafina. Aliwahi kufundisha kisomo cha watu wazima huko, na kwa kuwa Misima iko mbali, upande wa Handeni, akaona ni salama.

"Safi sana. Mnazo ngapi?"

"Hii tu, Ndugu Mkuu," nikasema mimi. "Kwa sasa ni za msimu."

Akatikisa kichwa kwa kuelewa. Akasema zana yoyote ya chuo lazima iwe na jina, akachukua kipande cha karatasi, akaandika AZIMIO, akakifunga kwenye mpini wa kikapu. Akaondoka anapiga mluzi. Bi Serafina akapiga magoti palepale sakafuni kutubu, nami nikacheka mpaka nikashikwa na kichomi.

Ikawa hivyo. Mchana mtoto ni Azimio, zana ya chuo. Nyuma ya pazia ni Kaleb wa Paulina. Sasa mnajua desturi yetu: mwanamke akizaa, jina lake la zamani linakwenda likizo. Anakuwa Mama Fulani, na hata umkataze mtu vipi, ulimi utateleza. Wasichana wote waliokuwa wanakuja kituoni walikuwa wanajua siri, na wote walishaanza kumwita Paulina Mama Kaleb. Bi Serafina akakasirika. Akatukusanya akatuambia, "Atakayemwita Mama Kaleb ndani ya geti hili, nitamshona mdomo kwa cherehani hii hii." Tukaogopa, maana kushona alikuwa hajui.

Siku ya pili yake, Ndugu Jonathan amekuja kututazama tunavyoogesha zana. Amesimama mlangoni na Fabiani, dereva wa Landrova ya chuo. Rosa, mwanafunzi mwenye haya kuliko wote pale chuoni, ameshika taulo. Mtoto akaanza kulia kwa sauti ya kutaka kunyonya. Na nani akateleza? Bi Serafina mwenyewe!

"Mama Kaleb," akaita, "hebu njoo umtazame huyu!"

Na Paulina akaitika. "Abee!" Akaja mbio na mikono ina povu la sabuni.

Ndugu Jonathan akakunja uso. "Kaleb ni nani?"

Bi Serafina akawa mweupe, na si rahisi mtu wa Dindira kuwa mweupe. Nikaona hapa asiposema Zamda tumekwisha.

"Kaleb ni mtoto wa kufikirika, Ndugu Mkuu," nikasema. "Hapa kila mwanafunzi amepewa mtoto wa kufikirika, ili ajizoeze moyo wa malezi kabla hajakwenda kijijini. Kwa hiyo kila mmoja ni Mama Fulani. Huyu ni Mama Kaleb."

"Na huyu?" akamwelekezea Rosa kidole.

Rosa maskini! Akatazama huku, akatazama kule, macho yakatua mlangoni.

"Mama… Mama Fabiani," akasema.

Fabiani dereva akadondosha funguo za gari. Rosa akajifunika uso kwa taulo la mtoto, na kwa muda wa wiki nzima hakupita tena karibu na gereji.

Ndugu Jonathan wala hakuona hayo. Alikuwa ametazama juu kwenye paa, mikono nyuma, akisema polepole, "Moyo wa malezi. Kwa vitendo." Jumatatu akatangaza kwenye mkusanyiko wa asubuhi kwamba kuanzia siku hiyo kila mwanafunzi wa kike ataitwa kwa jina la mtoto wake wa kufikirika. Wavulana walicheka mpaka wakaangukiana. Basi chuo kikajaa akina mama: Mama Uhuru, Mama Jitegemee, Mama Mavuno. Na Paulina akaitwa Mama Kaleb na kila mtu, pamoja na Mkuu wa Chuo mwenyewe, mchana kweupe, bila hofu. Nilijisifu kwa siku kadhaa. Nilisema, Zamda, wewe ungezaliwa mwanamume ungekuwa balozi.

Kisha Ndugu Jonathan akatupasulia jipu. Mkaguzi wa mkoa amekubali kumtahini Paulina kijijini Misima, kwenye darasa la kisomo, aone chuo kinavyofanya kazi na wananchi. Na siku hiyo hiyo, kwa heshima na shukrani, zana itarudishwa kwa mama yake mbele ya kijiji.

"Mama yake yupo, sivyo?" akauliza.

"Yupo," tukasema wote wawili. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Bi Serafina hakula siku hiyo. Mimi nikapanda basi la Handeni, nikaunganisha na lori la mahindi mpaka Misima, kutafuta mama. Nilimkuta Sinyati. Huyu alikuwa mama wa Kimaasai, wao na ng'ombe wao wamehamishiwa kijijini mwaka uliotangulia wakati wa operesheni ya vijiji, naye alikuwa mwanafunzi mkorofi kuliko wote katika darasa la kisomo. Alikuwa ananyonyesha binti yake mwenyewe. Nikamweleza yote bila kuficha. Hakucheka.

"Kwa hiyo nasema ni wangu," akasema. "Nampokea. Nakaa naye. Jumamosi mnakuja kumchukua."

"Ndiyo hivyo tu, mama."

"Nami napata nini?"

"Shukrani za chuo."

Akanitazama mpaka nikaona aibu. Nikamwahidi kanga, doti nzima. Akasema haya.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi hivyo. Tulimkalisha Paulina tukamweleza mara mbili, mara tatu. Utafundisha. Utafaulu. Utamkabidhi mtoto kwa Sinyati, utapanda gari, utanyamaza. Jumamosi mimi na Bi Serafina tutakwenda kumchukua kwa basi, tumpeleke kwa shangazi yangu sokoni mpaka utoke chuo. Siku chache tu. Paulina akaitikia kwa kichwa. Nikadhani ameelewa.

Siku ikafika. Landrova ilijaa: Fabiani kwenye usukani, Ndugu Jonathan mbele na mkaguzi, sisi wanawake nyuma na kikapu. Mkaguzi alikuwa Ndugu Mdoe, mzee mnene, mpole, miguu inamuuma, aliyevua miwani kila mara akaifuta kwa tai yake. Njia nzima mpaka Handeni Ndugu Jonathan alimjaza maneno. "Kwangu mimi, Ndugu Mdoe, kila msichana ni mama. Kila mmoja! Wengine wanasema kwa mdomo, sisi tunatekeleza." Mkaguzi anaitikia "Naam, naam," anakula muhogo wa kuchoma alionunua njiani.

Darasa lilikuwa banda la nyasi karibu na ghala la kijiji. Wanawake wamejaa, wengi Wazigua, na Wamaasai wachache upande mmoja, Sinyati katikati yao kajikausha kama hanijui. Paulina akasimama mbele. Jamani, yule mtoto alijua kufundisha! Aliweka beseni, akapima maji kwa kiwiko, akamwogesha Azimio taratibu, na kila anachoshika anakiandika ubaoni: maji, sabuni, shingo, kisigino. Akina mama wanasoma kwa sauti, wanabishana, wanacheka. Hata wale waliokuwa wanajifanya vipofu kila kisomo kinapoanza, siku hiyo waliona ubao.

Ila mtoto hakumwondolea macho. Kila Paulina akigeuka ubaoni, naye anageuza shingo kumfuata. Bibi mmoja wa Kizigua mstari wa mbele akamwinamia mwenzake, kwa sauti ambayo hata ng'ombe walisikia.

"Zana hii inamjua mwalimu wake."

Banda zima likaguna. Mimi nikakohoa mpaka nikatokwa machozi. Wanawake wale walishajua, wote, tangu Paulina alipomshika mtoto kwa mkono mmoja huku akiandika kwa mwingine. Hakuna aliyesema kitu. Ndugu Mdoe akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

Somo likaisha. Ndugu Mdoe akasimama kwa taabu.

"Nimekagua walimu miaka mingi," akasema. "Huyu ni mwalimu. Amefaulu, na nasema hivyo mbele ya kijiji."

Vigelegele! Bi Serafina akanishika mkono, kucha zikaniingia. Tumefika, nikasema moyoni, alhamdulillahi, tumefika.

Ndipo Ndugu Jonathan akaanza hotuba ya kurudisha zana. Nawaonea huruma, sitairudia. Mwisho akauliza, "Mama wa mtoto huyu yuko wapi?" Sinyati akasimama, shanga zinalia, akaja mbele akanyoosha mikono. Paulina akamkabidhi. Nilimwona anavyoachia: kidole kimoja kimoja. Ndugu Jonathan akamvisha Sinyati kanga mpya mabegani, watu wakapiga makofi.

Mtoto akapiga ukelele. Na Sinyati, kwa kuwa ni mtu wa vitendo, akaketi chini, akamtoa binti yake upande mmoja, akampakata Kaleb, akamnyonyesha. Kaleb akanyonya. Akashika zile shanga kwa mkono, akatulia tuli.

"Twendeni," nikamwambia Paulina sikioni, nikamsukuma mbele yangu mpaka kwenye gari. Akapanda. Uso wake ulikuwa mkavu. Fabiani akatia moto, tukaondoka, kijiji kinapunga mikono. Tukapita ghala, tukapita kisima, tukaanza kuingia kwenye mashamba ya mahindi, nami nikaanza kupumua.

Paulina akapiga bati la gari kwa kiganja. Pa! Pa! Pa!

"Simamisha!"

"Paulina, kaa," nikasema. "Kaa chini, mwanangu, Jumamosi si mbali."

"Fabiani, simamisha gari au naruka!"

Fabiani akakanyaga breki, mkaguzi akagonga kioo kwa paji la uso. Paulina alishashuka. Alikimbia na viatu vyake vya mtihani mikononi, mbio ambazo sijawahi kumwona mwalimu akikimbia, na sisi nyuma yake, Bi Serafina kashika sketi, Ndugu Jonathan anapiga kelele, "Zana imeshakabidhiwa! Mama Kaleb! Imeshakabidhiwa!"

Tulipofika bandani Paulina alikuwa amepiga magoti mbele ya Sinyati.

"Nipe mwanangu," alikuwa anasema. "Nipe. Nisamehe mama, lakini nipe."

Sinyati akampa. Ndugu Jonathan akafika anahema.

"Mwanao? Mwanao vipi?"

"Nimemzaa mimi, Ndugu Mkuu. Anaitwa Kaleb. Hajawahi kuwa zana ya mtu."

Nilifunga macho. Nilikasirika, sitaki kudanganya, nilikasirika kweli kweli. Kazi yote ile, uongo wote ule, na mtihani ameshaufaulu! Ndugu Jonathan alichukua muda kuelewa, mnaweza kuona linavyomwingia kidogo kidogo. Kisha akamgeukia Bi Serafina.

"Ndugu Serafina, wewe ulijua?"

Nilijua atasema kweli, na nilijua kweli yenyewe itamfukuzisha kazi. Bi Serafina akanyoosha sketi yake.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilikudanganya, na nimetubu kwa Mungu. Kwako bado sijatubu, na sidhani kama nitatubu."

"Basi kanuni ni wazi!" Sauti ya Ndugu Jonathan ikapasuka. "Mwanafunzi mzazi anaondoka leo! Na nyinyi wawili—"

"Ndugu Jonathan," akasema mkaguzi. Alikuwa amefika nyuma yetu polepole na miguu yake mibovu, nundu imeanza kumtoka kwenye paji. Akaketi kwenye benchi la wanafunzi. "Hebu nisaidie kuandika taarifa yangu. Tangu Korogwe umeniambia kwako kila msichana ni mama."

"Wa kufikirika, Ndugu Mdoe!"

"Wengine wanasema kwa mdomo, nyinyi mnatekeleza. Ndiyo maneno yako. Sasa amepatikana mmoja ametekeleza, unamfukuza." Akavua miwani. "Halafu kuna jambo la pili. Nikiandika kwamba mwanafunzi huyu ana mtoto, itabidi nieleze mtoto alikaa wapi. Niandike mkoani kwamba Mkuu wa Chuo amekaa naye chuoni kwake, akamwandikia na jina la zana kwenye kikapu?"

Bibi wa mstari wa mbele akaanza kucheka. Akafuatiwa na mwenzake. Banda zima likaangua kicheko, Wazigua na Wamaasai, watoto nje, hata Fabiani kajifichia mlangoni. Ndugu Jonathan alisimama pale katikati, anatazama kushoto na kulia, masikio yanamwaka.

"Mimi nilichokagua ni ufundishaji," akasema Ndugu Mdoe, "nao nimeshausemea mbele ya kijiji. Hayo mengine sikuyaona. Miwani yangu mibovu."

 Ndugu Jonathan akatoka akaenda kusimama peke yake karibu na gari. Sisi hatukufukuzwa. Hakuna aliyetwambia kwa nini, na mimi kwa mara moja maishani mwangu sikuuliza.

Nilimwendea Sinyati kuichukua kanga, maana ilikuwa mali ya chuo na mama ameshabadilika. Akaikaza mabegani.

"Mtoto mmechukua," akasema. "Kanga mmenipa wenyewe, mbele ya watu. Piga hatua."

Nikapiga hatua.

Tukaanza njia ya kurudi. Ndugu Jonathan hakugeuka nyuma hata mara moja. Paulina alikuwa amekaa kando yangu, ananyonyesha waziwazi, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya bila pazia. Hasira yangu ilikuwa bado inachemka, ikanishinda pale tulipoiacha Handeni.

"Hivi wewe mtoto una wazimu?" nikamwambia kwa sauti ya chini. "Mtihani ulishakuwa wako. Siku chache tu! Ungevumilia siku chache usingetuweka roho juu namna ile. Mtoto kulia kwa mtu mgeni ni jambo gani? Watoto wote wanalia."

Paulina akamfunika Kaleb jua kwa upindo wa kanga yake.

"Dada Zamda," akasema, "angeendelea kulia, ningeondoka. Alinyamaza kifuani kwa mwingine."

Bi Serafina akageukia upande wa mashamba.